Uzi: Mtoto anakuja mwezi wa tano, masika yanaanza mwezi wa tatu. Kazi za kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) tuzipangeje?

Mama wa Kirua (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Niko Kirua Vunjo, huku juu mlimani Kilimanjaro, mbali kidogo na lami. Nina mimba inayokaribia miezi mitano, ya mtoto wa pili, na kadi ya kliniki inasema nitajifungua mwishoni mwa mwezi wa tano. Aliyekulia mlimani akisikia tarehe hiyo anajua kinachonisumbua. Mwezi wa tatu mvua zinaanza na watu wote wanashuka tambarare kupanda mahindi na maharage. Sisi shamba letu liko upande wa Kahe. Mwezi wa nne ni palizi. Mwezi wa tano ni matope, na njia ya kwetu bodaboda wenyewe wanaikwepa. Mwezi wa saba kahawa inaanza kuiva. Na ng'ombe wetu wa maziwa, tunaye mmoja, alihimilishwa mwaka jana, atazaa katikati ya mwezi wa nne.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Anashinda mjini Moshi Jumatatu hadi Jumamosi na anarudi giza limeingia. Mtoto wa kwanza ana miaka minne. Mama mkwe tunaishi naye, mkarimu sana, ila magoti hayamruhusu kushuka bondeni.

Nimeleta uzi huu kwa sababu kila ninapouliza habari za kujiandaa na mtoto, majibu yanakuwa ya manunuzi. Beseni, khanga, pamba, mpira wa kulalia, nguo za mtoto za mtumba pale soko la Memorial. Hayo nayajua na mengine ninayo bado ya mtoto wa kwanza. Ninachotaka kujua ni hivi: kazi ninazofanya mimi kila siku zitafanywa na nani, na huyo mtu ataanza lini?

Tukikaa na mume wangu kupanga msimu tunaongea trekta, mbegu, mbolea, dawa ya viwavijeshi vamizi. Yote ni ya maana. Lakini kazi inayomaliza mwili ni ile ambayo haihesabiwi. Saa kumi na moja alfajiri nakamua. Natoa samadi. Naosha ndoo, napeleka maziwa. Kisha bondeni kukata matete, kufunga mzigo, kuupandisha na ngata kichwani. Maji ya ng'ombe, na ng'ombe wa maziwa anakunywa haswa. Mchana ni migomba: kupunguza machipukizi, kukata majani makavu, kukatakata mgomba uliovunwa uwe chakula cha ng'ombe. Jioni tena majani, tena kukamua. Hakuna Jumapili wala sikukuu.

Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliutambua mfumo wa kihamba, kwa mfano wa Shimbwe Juu hapa hapa Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Nilifurahi na bado najivunia. Kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti, mfongo (mfereji wa maji) unapita katikati, ng'ombe analishwa na shamba na yeye analilisha shamba. Ni akili kubwa ya wazee wetu. Ila mzunguko huo unazungushwa na mtu, na nyumba nyingi ninazozijua mtu huyo ni mama.

Mwajiriwa ana sheria ya mwaka 2004. Mama anapata siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Mkulima wa kihamba hana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yake anajipa mwenyewe, na hawezi kujipa mpaka kitu fulani shambani kisifanyike mwaka huo. Kwa hiyo naomba tujadili hapo: kipi kiachwe?

Mimi nasema shamba la tambarare tulikodishe msimu mmoja, ng'ombe abaki, na majani aanze kukata mtu mwingine kuanzia mwezi wa pili, nikiwa bado na nguvu za kumwonyesha. Mume wangu anasema tulime tambarare yote na tuuze ng'ombe. Hatujagombana, tunatofautiana, na ameniruhusu nilete hapa. Karibuni.

Fundi wa Machame

Hongera sana dada, Mungu akutangulie.

Nitasimama upande wa shemeji. Mahindi ni ugali wa mwaka mzima. Ukikodisha shamba, hela ya kukodi utaipokea mwezi wa pili, na mwezi wa nane utakuwa unanunua gunia kwa bei ya watu wengine huku una mtoto mchanga. Isitoshe mahindi yana mapumziko. Unalima, unapanda, unapalilia, halafu unasubiri. Trekta linalima, vibarua wanapanda, vibarua wanapalilia. Ni kazi ambayo fedha inaweza kuifanya ndani ya siku chache.

Ng'ombe hana mapumziko. Wewe mwenyewe umeandika hakuna Jumapili. Sasa utajifungua, nani anaamka saa kumi na moja? Uza huyo ng'ombe akiwa na mimba kubwa, bei yake ni nzuri, fedha ikae kwenye kikoba, mtoto akifikisha mwaka mnanunua mtamba.

Bwana Mifugo wa Hai

Fundi, hoja yako ya muda naikubali, ile ya kuuza ng'ombe siikubali. Nieleze kwa nini.

Ng'ombe atakayezaa katikati ya mwezi wa nne anatakiwa akaushwe maziwa miezi miwili kabla, yaani kuanzia katikati ya mwezi wa pili. Hiyo ni kwa afya yake, kiwele kipumzike na ndama akue. Maana yake ni kwamba nusu ya mwezi wa pili, wa tatu wote na nusu ya wa nne hakuna kukamua kabisa katika nyumba hiyo. Kazi ya alfajiri inapungua yenyewe, na haihitaji uamuzi wa mtu. Ni kipindi kizuri kuliko vyote cha kumpa ng'ombe mtu mpya: anajifunza kulisha, kunywesha na kusafisha banda kwanza, kukamua baadaye. Halafu mama anapojifungua, maziwa yapo nyumbani, ya mzazi na ya huyo mtoto wa miaka minne, na ya kuuza yanabaki. Mkiuza sasa, mnauza maziwa ya miezi ile ambayo nyumba itayahitaji kuliko wakati wowote.

Kinachotakiwa kupunguzwa ni safari za majani. Mwezi wa kwanza na wa pili huku juu majani ni haba, kwa hiyo watu wanakwenda mbali zaidi kwa mzigo ule ule. Lete mabua kutoka tambarare. Waliovuna wapo wanaoyaacha shambani. Kodi kirikuu (gari dogo la mizigo) mara moja, jaza, hifadhi mahali pakavu juu ya dari ya banda. Ukiyakatakata na kuyanyunyizia maji yenye molasi kidogo, ukaongeza pumba na mashudu ya alizeti, ng'ombe aliyekaushwa anakaa vizuri. Masika yakikolea mwezi wa nne, majani yanakuwa mengi mpaka yanakomaa bila kuliwa. Hapo tengenezeni sileji: matete yakatwe mafupi, yashindiliwe kwenye mifuko mizito ya nailoni mpaka hewa iishe, yafungwe. Yanakaa wiki tatu au nne ndipo yafunguliwe. Kazi ya Jumapili mbili za baba inaweza kumwondolea mama mizigo mingi ya mwezi wa sita.

Na jambo moja ambalo sitaki mlipuuze. Siku ng'ombe atakapozaa, mama wa Kirua utakuwa na mimba ya miezi minane. Usiwepo bandani. Usimvute ndama, usishike kondo la nyuma wala majimaji yake, hata kwa kusaidia kidogo. Kuna homa ya kutupa mimba, na kuna homa nyingine zinazopitia hapo hapo, zinaweza kumdhuru mama na mimba yake. Mwanamume avae glovu, azike kondo mbali na mbwa. Kondo likikaa zaidi ya saa 12 na halijatoka, apige simu kwa mtaalamu, asilivute. Ndama anywe maziwa ya kwanza mapema, ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa. Na ninyi nyote mchemshe maziwa kabla ya kunywa, kila siku.

Nesi Mstaafu

Mama wa Kirua, hongera mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na uzi huu umenigusa, maana akina mama wa mashambani wanafika kwetu wamechoka kabla uchungu haujaanza.

Namuunga mkono Bwana Mifugo kuhusu kondo na maziwa. Naongeza habari ya homa, kwa sababu mnaishi na ng'ombe. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008. Zaidi ya nusu walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Vipimo vya maabara vilipokamilika, wenye malaria kweli hawakufika hata wawili katika kila mia. Wengine walikutwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama. Kwa hiyo ukipata homa usinunue dawa ya malaria dukani ukameza na kurudi bondeni. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari kwamba una mimba na unakaa na mifugo. Maneno hayo mawili yanabadilisha anachokitafuta. Hata hivyo neti lalia kila usiku, na ile SP ya kliniki, dawa ya kukinga malaria, imeze mbele ya muuguzi, maana tambarare mbu wapo.

Kuhusu mizigo. Mimba si ugonjwa na kutembea ni kuzuri. Kuchuma mboga, kupalilia bustani ya karibu na nyumba, kupika, hayo endelea nayo kadiri mwili unavyoruhusu. Mzigo wa majani mabichi wa kupandisha mlima ni jambo lingine. Usisubiri mpaka mimba ifike miezi minane ndipo uuache. Umesema mtu aanze mwezi wa pili, nami nasema ni sawa kabisa, msirudi nyuma hapo. Ndoo ya maji nayo igawe: nusu ndoo, mara nyingi, au wengine wachote. Na dawa za shambani, iwe mrututu wa kahawa au ya viwavi, usichanganye, usipige bomba, usifue nguo za aliyepiga. Afue mwenyewe.

Vidonge vya kuongeza damu usivinywe na chai. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na sisi huku mlimani chai tunaipenda. Kunywa na maji, kula embe au chungwa au papai karibu na hapo. Mnafu, maharage na nyama ukipata. Ukisikia kizunguzungu ukipanda mlima, au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, usiseme ni uchovu wa shamba. Kapime damu.

Sasa dalili ambazo zikitokea hata siku ya kupanda mahindi unaacha jembe hapo hapo: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana na macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, maji kuvuja kabla ya wakati, homa kali, mtoto kupunguza kucheza au kuacha, na degedege. Mama mkwe azijue. Huyo kijana wa majani azijue. Mume azijue kuliko wote, na siku moja aje nawe kliniki.

Namba 115 iandikeni ukutani. Ni ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na kupiga ni bure. Lakini njia yenu ya mwezi wa tano gari linaweza lisifike nyumbani. Tafuteni mapema watu wa kukusaidia mpaka barabarani. Bora zaidi, kama una ndugu Himo au mjini, shuka ukakae kwake wiki mbili au tatu kabla ya tarehe. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio nane ya kliniki, na mengi yanaangukia miezi ya mwisho, kwa hiyo ukiwa huko chini utayafuata bila kupambana na matope.

Bibi wa Old Moshi

Marahaba wanangu. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia.

Nasikia mnauliza kipi kiachwe. Sisi hatukuuliza, ilikuwa inajulikana. Mwanamke akizaa hatoki miezi mitatu. Hakati majani, hachoti maji, hashiki jembe. Analala, ananyonyesha, anakula mtori na nyama, anapakwa mafuta. Mama mkwe anasimamia na wanawake wa ukoo wanaleta majani kwa zamu, leo huyu kesho yule. Akitoka siku yake anapambwa, anakwenda sokoni na watu wanamwona kwamba amenenepa. Familia iliyomtoa mzazi amekonda ilikuwa inaaibika. Siku hizi nawaona wana wiki mbili wako na mzigo kichwani, inaniuma.

Kwa hiyo wewe binti, mambo ya mwezi wa sita usiyafikirie kama mapumziko ya kuomba. Ni haki yako, na mumeo akawaambie ndugu zake hivyo.

Halafu angalia migomba yako sasa. Mkungu wa mshare, ndizi ya mtori, ukishachanua, huku juu unachukua miezi minne au zaidi kukomaa. Itakayochanua mwezi huu na ujao ndiyo mtori wako. Iwekee nguzo isiangushwe na upepo wa mvua, iwekee samadi, na usikubali iuzwe. Mume anunue mbuzi mapema, mwezi wa tano wanapanda bei wakijua kuna wazazi. Na mafuta ya maziwa uanze kukusanya kabla ng'ombe hajakaushwa.

Nesi Mstaafu

Bibi shikamoo. Nakubaliana nawe karibu yote, na ile zamu ya wanawake kuleta majani natamani irudi vijiji vyote. Naomba tu mlaso, ile damu na maziwa anayopewa mzazi, uwe wa damu iliyochemshwa vizuri, na maziwa yake yachemshwe pia. Na mzazi asilale tu, atembee ndani na uani, damu izunguke miguuni. Mtoto apelekwe kliniki kwa tarehe zake hata kama mama yuko ndani ya miezi yake mitatu.

Kuna jambo la mwezi wa sita na wa saba ambalo nalisema kwa uchungu. Huko juu ni baridi kali, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani kwa mzazi na kufunga madirisha. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua mama na mtoto wakiwa usingizini. Jiko libaki nje. Mtoto apate joto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu ya wote wawili. Na chumba kisiwe kile kinachoingiza moshi wa jikoni.

Anayetoka bandani anawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kumshika mtoto, na abadilishe nguo. Kitovu kisipakwe kitu, si majivu, si mavi ya ng'ombe, si mafuta. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na samadi, na ninyi samadi iko hatua chache kutoka mlangoni. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda imekamilika.

Mboga Tengeru

Dada hongera. Mimi niko Tengeru, Arusha, nalima mboga za soko: nyanya, figiri, mnafu, karoti kidogo. Nina mtoto wa miezi saba, kwa hiyo haya ni ya juzi kwangu.

Nataka niseme kuhusu kijana wa majani, kwa sababu hapo ndipo mipango ya wengi inapokwama. Usimwambie "uwe unanisaidia". Mwambie kazi yenyewe: mizigo mingapi kwa siku, majani gani, saa ngapi yawe bandani, maji ndoo ngapi, samadi inamwagwa wapi. Mlipe kila wiki, siku ile ile, hata kama ni kidogo. Anayelipwa kila wiki utajua mapema kama hataki kuendelea, wa mwisho wa mwezi atakukimbia na ng'ombe ana njaa. Na awepo mtu wa pili anayeijua kazi, hata jirani, kwa siku kijana atakapoumwa.

La pili, mimi nilikata eneo. Nyanya zinataka dawa kila mara na zinataka jicho kila asubuhi, nikaziacha msimu mzima. Nikabaki na mboga za majani karibu na nyumba, ambazo mama yangu mdogo aliweza kuchuma na kupeleka sokoni. Kipato kilishuka, tulikula akiba ya kikoba, na akiba hiyo tulianza kuiweka mimba ikiwa changa kwa ajili hiyo hasa. Kama ninyi hamjaanza, anzeni wiki hii.

Sijaona mtu akiongelea kahawa. Mwezi wa saba mtoto atakuwa na wiki tano, sita. Kahawa ikichumwa inatakiwa ipite kwenye mashine ya kumenyea siku ile ile, halafu kuchachusha, kuosha, kuanika mezani, kugeuza, kufunika mvua ikija. Hiyo ni kazi ya kukesha. Chama chenu cha msingi cha ushirika kina kiwanda cha kati cha kumenyea kahawa? Kama kipo, mwaka huu pelekeni kahawa mbivu huko huko, mchume, na jioni ile ile mkabidhi. Mashine ya nyumbani ipumzike.

Fundi wa Machame

Nimesoma mpaka hapa na Bwana Mifugo amenigeuza kwa ile hoja ya kukausha. Sikuiangalia hivyo. Lakini kuhusu mahindi sijageuka. Familia isiyo na chakula ghalani haina mapumziko. Shemeji alime nusu. Kipande cha karibu na barabara alime kwa trekta, apande na vibarua, palizi walipwe vibarua hao hao kwa mkataba mmoja, yeye asimamie Jumapili na likizo ya Pasaka. Kipande cha mbali mkikodishe, na hela ya kukodi ndiyo ilipie trekta na vibarua. Mama asishuke tambarare hata kupeleka chakula cha wafanyakazi. Jua la Kahe mwezi wa tatu si la mwenye mimba ya miezi saba.

Na shemeji, kama unasoma: sisi mafundi tunajipangia tenda. Kabla ya mwezi wa tano usichukue kazi ya kulala ugenini. Mwezi wa sita chukua ndogo ndogo za karibu na nyumbani. Mimi nilifanya hivyo na nilijifunza kukamua. Wazee wengine walinishangaa kuniona na ndoo. Ng'ombe alitoa maziwa vizuri tu.

Bwana Mifugo wa Hai

Fundi umenifurahisha. Kukamua mwanamume afundishwe sasa, kabla ya katikati ya mwezi wa pili, ng'ombe akiwa bado na maziwa na ameshazoea mazingira. Mama asimame kando, baba akamue. Ng'ombe aliyezaa karibuni ana kiwele kimejaa na kinauma, si wakati wa kufundishiwa mtu mgeni. Mikono safi, kiwele kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa chake, maziwa ya mwanzo yakamuliwe kwenye kikombe cheusi kuangalia kama yana vibonge.

Mama wa Kirua (mleta uzi)

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Bibi, marahaba yako imenitoa machozi, nimemsomea mama mkwe maneno yako na amesema ni kweli, hata yeye alitolewa hivyo hivyo. Amechukua jambo la mtori mikononi mwake. Leo asubuhi tumezunguka kihambani pamoja, taratibu, tumefunga vitambaa kwenye mishare iliyochanua ili asije mtu akaiuza kwa bahati mbaya.

Mume wangu amesoma uzi wote. Tumekubaliana hivi. Ng'ombe anabaki. Tambarare tunalima kipande cha barabarani tu, kile cha ndani jirani amekubali kukodi na atalipa kabla ya trekta kuingia. Kijana wa majani tumempata, mtoto wa jirani aliyemaliza kidato cha nne, anaanza tarehe mosi mwezi wa pili kwa malipo ya kila Jumamosi, na mume wangu amemwandikia kazi zake kwenye daftari kama Mboga Tengeru alivyoshauri. Kukamua mume wangu ameanza jana jioni. Ng'ombe alimpiga teke moja, leo ametulia.

Chama chetu cha msingi kina kiwanda cha kati, tutapeleka kahawa mbivu huko. Mrututu atapiga mume wangu mwenyewe.

Wiki za mwisho nitashuka kwa wifi yangu Himo. Mtoto wangu mkubwa atabaki na bibi yake, na hilo bado linanipa mawazo kwa sababu hajawahi kulala bila mimi. Nitaanza kumlaza kwa bibi siku moja moja kuanzia sasa.

Nimebakiwa na swali moja la Bwana Mifugo. Mabua nimeuliza huku jirani yameisha. Kuna anayejua mahali pa kuyapata wiki hii, na kirikuu cha kutoka Kahe mpaka Kirua wanadai kiasi gani? Nisije nikalipa zaidi ya thamani ya mzigo.

Bwana Mifugo wa Hai

Usikodi gari kabla ya kuona mzigo. Mabua yaliyonyeshewa yakaota ukungu usiyachukue hata ukipewa bure, ng'ombe mwenye mimba hayamfai. Wiki ijayo ninashuka Chekereni kwa kazi zangu, kuna wakulima ninaowafahamu walioyafunga mafungu na kuyaweka juu ya uchanja. Gari hupanda likiwa tupu kurudi Himo, bei yake huwa nafuu kuliko kulikodi kwenda na kurudi. Mwambie mumeo anitumie ujumbe binafsi hapa jukwaani, nitamuunganisha na dereva, wakubaliane wenyewe.

Mama wa Kirua (mleta uzi)

Amekwisha kukuandikia sasa hivi. Jumamosi ya wiki ijayo hana kazi, anaweza kushuka nawe.